Ute wa Yai Upandao Ufito

Ndoo ya maji ikizungushwa kwa upesi, maji huinuka pembeni na kuacha shimo katikati. Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza, aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1687. Akorogaye chai kwa kijiko huona vivyo hivyo. Kila chembe ya maji hutaka kwenda moja kwa moja, lakini ukuta wa chombo waizuia. Basi maji hurundikana ukutani.

Walakini si vitu vyote vya majimaji vifanyavyo hivyo. Mwalimu apendaye kuwaonyesha wanafunzi wake na avunje mayai manne au matano, atenge viini, na ute autie katika bilauri pana. Kisha afunge ufito laini wa chuma katika keekee ya seremala, auchovye katikati ya ute, auzungushe. Watoto watangojea shimo, nao wataona kilima, kwa maana ute huukimbilia ufito na kuuparamia.

Ajabu hii huitwa kwa jina la Karl Weissenberg, mzaliwa wa Vienna, aliyeichunguza huko Uingereza katika miaka ya 1940. Hata ufito ukisimama na bilauri ndiyo izungukayo, ute hupanda vile vile. Lakini vikizunguka pamoja kwa mwendo mmoja, baada ya kitambo kilima hutoweka, na ute hufanya shimo kama maji. Yaani sharti tabaka moja la ute lipite upesi kuliko jirani yake, ndipo kilima kionekane.

Wengi watadhani sababu ni uzito wa ute. Sivyo. Asali safi ni nzito kupita ute wa yai, wala haipandi ufito. Siri ni kwamba ndani ya ute mna chembe ndefu mfano wa nyuzi, zilizosokotana. Ufito uzungukapo, nyuzi hizo huvutwa kuuzunguka, zikakazika kama mpira uliofungwa kwenye kidole. Ute ulio ndani hubanwa, nao hauna njia ila kwenda juu. Mla mrenda aijua nguvu hii: akiinua tonge, mrenda hufuata kama uzi, kisha hujivuta kurudi.

Si mchezo wa darasani tu. Fundi atengenezaye mtambo wa kukoroga rangi au plastiki, akipiga hesabu kana kwamba ni maji, aweza kuona mali ikipanda mhimili hata kuingia katika mashine. Waoka mikate wamekwisha kuyajua haya zamani, kwa kuwa unga uliokandwa huparamia kulabu ya mashine ya kukandia. Ndiyo sababu kulabu nyingi za namna hiyo zina kisahani karibu na kichwa chake, cha kuuzuia unga usifike juu.