Safari ya Mwanza kwa Fedha Kidogo



Wenzetu wengi wa kidato cha kwanza na cha pili wameniuliza jinsi sisi wanafunzi wanane tulivyoweza kwenda Mwanza wakati wa likizo ya Juni kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mwenzetu, na kila mtu akalipa sawa, wala pasiwe na mzazi aliyenung'unika. Nimeona yafaa nieleze jambo hili hapa gazetini, maana nikimweleza mmoja mmoja muhula utakwisha nami sijasoma kitu.

Kwanza nataka kusema neno juu ya siku ya kuzaliwa yenyewe. Kwa wazee wetu wa Kisumbwa na Kisukuma haikuwa desturi kuihesabu. Babu yangu akiulizwa alizaliwa lini, hutaja mwaka wa njaa fulani au mwaka wa nzige, kisha hucheka. Siku hizi mtoto anacho cheti cha kuzaliwa, na tarehe imo humo. Basi mwenzetu alikuwa akitimiza miaka 18, umri ambao kwa sheria za nchi yetu mtu aweza kupiga kura, nasi tukaona kwamba siku kama hiyo haifai kupita hivi hivi. Tarehe yenyewe iliangukia Jumatano. Tuliisogeza mpaka Jumamosi, na hakuna aliyedhurika kwa hilo.

Masumbwe hatukosi mahali pa kukaa na kunywa soda, na Kahama ni karibu. Lakini kati yetu wanane, watano hawajapata kuliona ziwa Viktoria kwa macho yao, ingawa kila mwaka twaulizwa habari zake katika mtihani wa Jiografia. Kwa hiyo shauri la Mwanza lilikubaliwa siku ile ile.

Ugumu ulikuja katika fedha. Mahali kama petu, penye dhahabu, watu hawana kipimo kimoja cha fedha. Yuko mwenye baba aliyepata mawe mazuri wiki iliyopita, na yuko ambaye mama yake huuza maandazi alfajiri ili yeye anunue madaftari. Wote wawili hulala bweni moja na hula maharage ya sufuria moja. Yule wa kwanza akisema, "Kila mtu alete laki moja na nusu, tukale Rock City Mall," hasemi kwa ubaya. Lakini yule wa pili hatasema, "Mimi sina." Atasema kwamba siku hiyo ana kazi ya shamba, au kwamba tumbo linamwuma, naye atabaki nyumbani, na wenzake watarudi na picha za kumwonyesha. Nimeyaona hayo yakitokea kwa wanafunzi wengine, na urafiki wao haukuwa kama kwanza.

Basi tulifanya hivi. Kila mmoja alipewa kipande cha karatasi, cha ukubwa mmoja, akaandika kwa herufi kubwa kiasi anachoweza kukipata kuanzia Januari hadi Juni bila kumdanganya mzazi na bila kukopa. Hakuandika jina. Karatasi zikatiwa katika kofia, zikachanganywa, zikasomwa. Kubwa kuliko zote ilikuwa shilingi 150,000, na ndogo ilikuwa shilingi 45,000. Tukachukua ile ndogo kuwa mchango wa wote. Mpaka leo sijui ni karatasi ya nani, wala sikuuliza.

Palikuwa na mabishano. Wawili walisema kwamba wenye nacho wawalipie wasio nacho, safari iwe nzuri zaidi. Hoja hiyo ina wema ndani yake, lakini ili kumlipia mtu sharti kwanza ajulikane, na kujulikana ndiko tulikokuwa tukikukimbia. Mwingine alisema kwamba hao wenye upungufu waweza kwenda mwaloni siku za Jumamosi kuosha marudio na kupata fedha upesi. Hilo tulilikataa pale pale. Zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu ni sumu iharibuyo mishipa ya fahamu, tena sheria ya kazi ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtu wa chini ya miaka 18 mgodini. Siku ya kuzaliwa ya mtu mmoja isitafutiwe fedha kwa mikono ya mwingine ndani ya zebaki.

Sasa natoa hesabu, na wasomaji wachukue kalamu.

Mara wanane 45,000 ni shilingi 360,000. Kitu cha kwanza kupimwa ni nauli, maana ndiyo humeza fedha kuliko kitu kingine chochote. Mwezi wa Desemba 2023, LATRA ilipanga kwamba abiria wa basi la kawaida katika barabara ya lami alipe shilingi 48.47 kwa kila kilomita. Kwa hiyo kilomita 100 ni shilingi 4,847, na kama njia ni ya kilomita 300, nauli ni shilingi 14,541. Kanuni hii ni nzuri, kwa kuwa mtu aweza kupima njia yake kwenye ramani kabla ya kwenda stendi, asije akadanganywa na wapiga debe. Lakini viwango hubadilishwa, basi ni lazima kuuliza tena wiki ile ile ya safari. Sisi tulitenga 15,000 kwenda na 15,000 kurudi, na kwa watu wanane ikawa 240,000. Zikabaki 120,000. Mwaona jinsi theluthi mbili za fedha zilivyokwisha kabla hatujala hata karanga moja!

Tulipita njia ya Geita na Sengerema, na tuliichagua kwa sababu ya daraja. Zamani magari yalivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko kutoka Busisi hadi Kigongo, na watu walingoja muda mrefu. Daraja la J. P. Magufuli lilianza kujengwa mwaka 2020 na likafunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Urefu wake ni kama kilomita 3. Basi zima lilinyamaza tulipokuwa juu ya maji, hata yule kijana wa kuuza karanga. Kitu hicho hakikututoza senti zaidi ya nauli.

Daladala tulizihesabu safari sita kwa kila mtu, shilingi 700 kila safari, jumla 33,600. Nawaonya kwamba nauli ndogo ya mwanafunzi usiitumainie ukiwa umevaa nguo za nyumbani.

Kulala nyumba ya wageni hakukuwezekana kwa fedha hizi, na hata kama kungewezekana, ni mzazi gani angewaruhusu wavulana watano na wasichana watatu? Mmoja wetu ana shangazi anayekaa Igoma. Tulimpigia simu miezi miwili kabla, si siku mbili kabla. Hatukwenda mikono mitupu: tulibeba mchele kilo 10 na karanga kutoka nyumbani, na tukampa shilingi 40,000 za mboga na mkaa. Wasichana walilala chumbani pamoja na mama mdogo wa mwenzetu, ambaye wazazi walimtaka afuatane nasi, na wavulana walilala sebuleni juu ya mikeka. Nauli ya mama mdogo ililipwa na baba wa mwenzetu. Hiyo ndiyo zawadi pekee tuliyokubali ipite ule mchango, kwa kuwa haikumtofautisha mwanafunzi na mwanafunzi.

Ruhusa hatukuiomba kwa mdomo. Tuliandika barua moja, nakala nane, yenye majina yetu, siku ya kwenda na ya kurudi, nyumba tutakayolala, namba ya simu ya shangazi, na hesabu yote kama mnavyoiona hapa. Baba mmoja mkali sana aliisoma mara mbili, akamwuliza mtoto wake, "Hii mmeiandika ninyi wenyewe?" Akatia sahihi.

Zikabaki shilingi 46,400. Hapo palikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kisiwa cha Saanane au makumbusho ya Bujora. Saanane iko karibu kabisa na mji, huvukwa kwa mashua kutoka Capri Point. Mwaka 1964 ilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 2.18 tu. Yuko pimbi huko, na swala pala. Bujora iko Kisesa, katika barabara ya Musoma, nayo ilianzishwa na Padre David Clement, mtu wa Kanada, aliyekusanya vitu vya Wasukuma visipotee. Tulipiga kura, Bujora ikapata tano na Saanane tatu. Mimi nilikuwa katika wale watatu. Hata hivyo nilipoziona ngoma za watemi, na viti vyao, na vifaa vya wahunzi, nilimkumbuka mwalimu wa Historia alipotufundisha habari za Warongo wa Geita waliofua chuma, na nikaandika kurasa nne katika daftari langu. Mwezi huo wa Juni ndio wa sikukuu ya Bulabo, wakati Bagika na Bagalu wanaposhindana kwa ngoma. Anayepanga safari na achunguze tarehe zake.

Vitu vya bure ni vingi kuliko mgeni anavyodhani. Jiwe la Bismarck laonekana kutoka ufukoni karibu na kivuko cha Kamanga. Vilima vya mawe vyenye nyumba juu yake huhitaji miguu tu. Huko Igoma tulikwenda pia penye makaburi ya waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Wengine waliona si vema kupeleka watu makaburini katika safari ya furaha. Shangazi alisema, "Wanangu, mmekuja kuliona ziwa. Basi lioneni lote." Tulikaa kimya kidogo, tukaondoka.

Karamu ilikuwa jioni ya Jumamosi. Asubuhi shangazi alikuwa amekwenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, akarudi na sato wakubwa. Tuliwala kwa ule wali wa nyumbani. Keki tuliiacha, mshumaa mmoja ulisimamishwa juu ya andazi, na mwenzetu akauzima kama kawaida.

Kiingilio cha Bujora, maji ya kunywa na vitu vidogo vilitumia shilingi 25,400. Tulikuwa tumetenga 20,000 za dharura katika mfuko wa mama mdogo, na kwa bahati hakuna aliyeugua. Basi tuliporudi Masumbwe zilikuwapo shilingi 21,000. Kila mmoja alirudishiwa 2,600, na hesabu ikaandikwa nyuma ya ile barua ya wazazi, nakala nane tena. Shilingi 200 zilizobaki hazikugawanyika vizuri kwa watu wanane, nazo zingali ndani ya bahasha, bweni letu, kwa mtunza fedha.