Huruma Yako Isile Likelemba ya Wenzako

Mdogo wangu, sogea karibu na yaya tuongee. Umepokea likelemba juzi, ile pesa mnayochangiana kwa zamu, na tangu siku ile simu yako hailali. Shangazi anaomba minervali, karo ya watoto, jirani ana mgonjwa, binamu anataka dola ishirini tu. Mkono wako mwepesi, unatoa; binamu tu ndiye unamwambia "kesho." Usiku unahesabu kilichobaki, machozi yanakutoka. Usione haya. Hapa Bunia ndivyo tulivyolelewa. Vita viliporudi Djugu mwishoni mwa 2017, si wote waliokimbia walioishia kwenye kambi kama Kigonze. Wengi walipokelewa majumbani mwetu, na sufuria ya sombe ya watu sita ikalisha ukoo mzima. Moyo ule usiupoteze.

Lakini nisikilize vizuri. Pesa ya likelemba si yako yote. Ukipokea zamu ya kwanza umebeba deni, na utachanga mpaka mama wa mwisho naye apate. Sasa umempa shangazi pesa ya kununulia samaki wa Kasenyi. Meza yako sokoni itakuwa tupu, na siku ya mchango utajificha. Yule mama wa mwisho, aliyengoja miezi kwa uvumilivu, atafungua mkono na kukuta pungufu. Hapo umemsaidia nani? Umechukua kwake ukampa mwingine, na sifa ukabaki nazo wewe. Inaniuma kukuambia, lakini nisipokuambia mimi, watakuambia wao mbele za watu.

Kwa hiyo, kabla hujatoka sokoni, tenga mtaji, tenga mchango. Kinachobaki ndicho cha kula na cha kugawa, na hicho kigawe bila kunung'unika. Mtu akiomba zaidi, usiseme "sina" ilhali wote wanajua umepokea. Mwambie, "Ninazo, ila ni za kazi. Chukua unga huu na maharagi." Atanuna, ndiyo. Ila hatakaa langoni akikungoja.

Nawe uliyekwisha kujifunza kukataa, usifurahi upesi. Nawaona wengine wetu siku hizi, kila hodi ni "mtaji, mtaji," hata anayebisha ni mama aliyekimbia usiku na mtoto anayechemka homa. Hapana, mdogo wangu. Kwa mtoto wa homa, vunja huo mtaji umpeleke hospitali. Kisha uwaendee mama wa likelemba mapema, kabla ya siku ya mchango, uwaeleze. Vikundi vingi vina mfuko wa ugonjwa na msiba, kila mtu huweka kidogo humo. Uliza kama kikundi chenu kinao, na kama hakina, wewe ndiye uuombe. Mzigo huo si wa kubeba peke yako gizani.

Na binamu yako mpigie leo hii umwambie ukweli. Umeshamwambia "kesho" mara nyingi mno, na huenda naye amekwisha kumwahidi mtu pesa hiyo.