Kiti Kilichotoka Katika Baiskeli

Sokoni Kwa Sadala, kando ya barabara ya Moshi na Arusha, huuzwa ndizi zitokazo miteremkoni mwa Kilimanjaro. Mtu akiangalia baiskeli iliyopakiwa mikungu ataona jambo la ajabu. Baiskeli yenyewe ni nyepesi, hata kijana aweza kuiinua; lakini huchukua mzigo uupitao uzito wake, wala haipindiki. Wengi huiona kila siku, wasiulize sababu.

Mtu mmoja aliuliza. Jina lake Marcel Breuer, aliyezaliwa mwaka 1902 katika mji wa Pécs, nchi ya Hungaria. Alijifunza useremala nchini Ujerumani katika chuo kilichoitwa Bauhaus, kisha akawa mwalimu huko huko. Mwaka 1925, katika mji wa Dessau, alinunua baiskeli, akaipenda kwa wepesi na nguvu zake. Alipoutazama usukani, ulio bomba la chuma lililopindwa, akawaza kwamba hata kiti chaweza kufanywa hivyo.

Siku zile viti vya kupumzikia vya Ulaya vilikuwa vizito, vyenye mito minene. Breuer akatwaa mabomba ya chuma, na fundi wa mabomba akamsaidia kuyaunga. Kisha akavuta vipande vya kitambaa kigumu mahali pa kukalia, pa kuegemea na pa kuwekea mikono, kama kamba zivutwavyo katika kitanda. Basi aketiye huchukuliwa na kitambaa, nacho kitambaa huchukuliwa na mabomba.

Nguvu za bomba zatoka wapi? Twaa karatasi, uishike ukingoni: itainama. Sasa uizungushe iwe kama bomba, uifunge kwa uzi: haitainama upesi. Karatasi ni ile ile. Kilichobadilika ni umbo. Ndivyo ulivyo mwanzi, mtupu ndani, lakini hustahimili upepo. Mzee achongaye kigoda katika gogo moja hupata nguvu katika unene wa mti, wala kigoda chake hakina kiungo cha kulegea. Breuer alizipata katika umbo. Kila mmoja ana hekima yake.

Hata hivyo kijana huyu aliogopa kulaumiwa, kwa maana kiti chake hakikufanana na viti walivyovizoea watu. Lakini Wassily Kandinsky, mchoraji Mrusi aliyefundisha chuoni hapo, alikisifu, naye Breuer akamtengenezea kimoja. Mwaka 1933 chuo kilifungwa kwa kuonewa na serikali ya Wanazi. Breuer, aliyekuwa wa ukoo wa Kiyahudi, akaenda Uingereza mwaka 1935, na Marekani mwaka 1937. Huko akawa msanifu mashuhuri wa majengo, akafa mwaka 1981. Kiti chake kingali kikitengenezwa, nacho huitwa Wassily, kwa jina la yule mchoraji.

Baiskeli zilipita mbele ya macho ya maelfu ya watu kabla ya Breuer kununua yake. Atazamaye bila kuuliza hupata kupanda tu. Aulizaye hupata na maarifa.

Maswali

1. Kwa nini bomba la karatasi haliinami upesi?
2. Kiti cha Breuer na kitanda cha kamba vyafanana katika jambo gani?
3. Breuer aliogopa nini?
4. Taja kitu kingine chepesi chenye nguvu, ueleze sababu.