Kiungo ni Nani?

Leo tujifunze neno moja: kiungo. Goti ni kiungo, kwa kuwa linaunga paja na muundi. Katika mpira, kiungo ni mchezaji wa katikati. Yeye huwaunga walinzi na washambuliaji. Humpokonya mpinzani mpira, akampa mwenzake.

Siku ya mechi Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, tunamshangilia nani? Mfungaji! Hata watoto wetu wa Usa River na Ngaramtoni, kila mmoja anataka kufunga. Anayepokonya mpira hatumwoni. Je, kazi yake ni ndogo? Hebu tutazame maisha ya jirani yetu mmoja.

Ukishika barabara ya Namanga kutoka Arusha, unafika Nairobi. Huko alizaliwa Victor Wanyama, mwaka 1991. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa kiungo pia. Victor alimfuata kaka yake Sweden akiwa bado kijana mdogo. Mariga alipohamia Italia, Victor alirudi nyumbani. Hakukata tamaa. Akaenda Ulaya tena, safari hii Ubelgiji. Mwaka 2011 akajiunga na Celtic ya Scotland.

Tarehe 7 Novemba 2012 Celtic iliifunga Barcelona 2–1. Bao la kwanza alilifunga Wanyama kwa kichwa. Mwaka 2013 Southampton ya England ikamnunua kwa paundi milioni 12.5. Je, ilinunua mabao? Hapana. Wanyama hakuwa mfungaji wa kila wiki. Ilinunua kazi ya kukata mpira na kuupeleka mbele. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England.

Mwaka 2016 alihamia Tottenham. Mwaka 2017 aliumia goti, akakaa nje miezi kadhaa. Akapona, akarudi uwanjani. Mwaka 2019, katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri, alikuwa nahodha wa Kenya. Siku ile Kenya ilitufunga Watanzania 3–2. Mwaka 2020 alikwenda Montreal, Kanada.

Basi, tukichagua timu ya kijiji, tusihesabu mabao tu. Tutazame pia nani anapokonya mpira, na nani anatoa pasi nzuri. Kijana wa namna hiyo tusimwache nje.

Maswali ya kujadili
1. Kiungo anafanya kazi gani?
2. Kwa nini Southampton ilimnunua Wanyama?
3. Katika timu yenu, kiungo ni nani? Mmewahi kumpongeza?