"Nzuri, Ila...": Vidokezo 8 vya Kufunga Hesabu za Moyo Wako

Wasikilize majirani wakisalimiana asubuhi. "Habari za kuamka?" "Nzuri." Inapita pumzi moja, kisha: "Nzuri, ila mtoto kalala na homa. Ila na mgongo huu, jirani, sijui vipi." Kiswahili kimetufundisha adabu ya kuanza na nzuri, halafu kikatuachia kijilango kinachoitwa ila. Ukweli wa mtu hupitia hapo.

Wengine tunawauliza hali kila siku. Nafsi zetu tunazipita bila hata hodi. Mwenye duka makini hamalizi mwezi bila kuhesabu kilichobaki rafuni, na moyo nao una rafu zake. Chukua daftari, kalamu na kikombe cha chai. Nusu saa inatosha.

1. Jisalimie, na ujijibu mpaka mwisho

Tumelizoea neno hujambo hata tumesahau kuwa ni swali zito: huna jambo? Basi asubuhi, kabla mkono haujaifikia simu, jiite kwa jina lako na ujiulize kwa sauti. Usiishie kwenye "sijambo". Endelea mpaka ila ya kwanza itoke, uiandike. Wa nyumbani wakikushangaa unavyoongea peke yako, wakaribishe nao wajibu. Kikao cha familia kimeshaanza hapo.

2. Ila yako ipe jina lake

"Nina stresi" ni gunia lililofungwa mdomo. Lifungue uone kilichomo. Moyo mzito ni kitu kimoja, moyo unaokwenda mbio ni kingine. Kuna kuchoka mwili na kuna kuchoka roho. Kuna kinyongo, kuna huzuni, kuna upweke. Na upweke hufanana sana na njaa, maana vyote viwili humfikisha mtu jikoni saa 5 usiku, anafunua sufuria ya wali uliopoa. Ukipata jina, umeipata njia: mwenye kinyongo anahitaji mazungumzo, aliyechoka anahitaji kitanda, mpweke anahitaji mtu. Kiporo hakitibu hata kimoja.

3. Fanya mtihani wa maswali 5

Shirika la Afya Duniani lina kipimo kifupi kiitwacho WHO-5, kilichotoka mwaka 1998. Unaziangalia wiki 2 zilizopita na kujiuliza mambo matano: nimekuwa mchangamfu? Nimekuwa mtulivu? Nimekuwa na nguvu? Nimeamka nikiwa nimepumzika? Siku zangu zimekuwa na mambo yanayonivutia? Kila swali lipe alama kuanzia 0, maana yake hapana kabisa, hadi 5, maana yake muda wote. Jumla kuu ni 25. Ukipata chini ya 13, hujafeli. Kipimo kinakwambia tu kwamba hali yako inahitaji kuangaliwa, na kidokezo cha 8 kinakusubiri.

4. Kagua deni la usingizi

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kwa usiku mmoja. Piga hesabu: ukilala saa 6 usiku na kuamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala, umelala saa 5. Siku tano za kazi zikiisha hivyo, mwili unakudai saa 10. Mwenye duka angeshakukatalia mkopo zamani! Mwili hauna ustaarabu huo. Unakuja kudai hadharani, kwenye mkutano, mdomo wazi. Anza na marejesho madogo: lala nusu saa mapema, na simu ilale chumba kingine. Kahawa pia ina usiku wake. Kwa watu wengi, kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa 11 jioni kinakuwa bado kinapiga soga mwilini ifikapo saa 4 usiku.

5. Soma dalili, kisha uliza mashahidi

Hali ya moyo huonekana kwenye mambo madogo kabla mwenyewe hajaijua. Sufuria zinatua jikoni kwa kishindo. Ujumbe wenye neno moja tu, "sawa", unauchambua kutwa nzima ukitafuta aliyeutuma kakasirikia nini. Kuku wa jirani kapita uani na umemkaripia kwa jina la mwenyewe. Nyani haoni kundule, kwa hiyo waulize unaoishi nao: "Siku hizi mnanionaje?" Anza na mtoto. Atakwambia bila kupamba, "Mama, siku hizi unafunga mlango kwa nguvu." Mshukuru, usimkaripie, amekufanyia ukaguzi bila malipo.

6. Shuka kituo kimoja kabla ya chako

Inashauriwa mtu mzima aushughulishe mwili walau dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa haraka ni mazoezi tosha. Ni dakika 30 kwa siku 5. Mwambie konda "shusha" mapema, umalizie kwa miguu. Mwendo hupunguza wasiwasi na huuleta usingizi karibu. Na njiani utasalimiana na watu ambao ukiwa dirishani ungewapita tu.

7. Tafuta benchi lako

Kwetu tukisema "fulani ana mawazo", hatumsifu kwa fikra zake. Tunasema ana mzigo. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Aliwafundisha kukaa kwenye benchi la mbao na mtu mwenye kufungisisa, kumsikiliza, kisha kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Mpango huo umesambaa, na Zanzibar umefika. Sisi wa huku benchi tunalijua: ni baraza ya nje ya nyumba, ni mkeka chini ya mwembe, ni kijiwe cha kahawa. Chagua mtu mmoja anayesikiliza bila kukukatiza na bila kupeleka habari mtaa wa pili. Mpe ila moja, ile kubwa.

8. Ijue ila ya daktari

Huzuni ikikaa wiki 2 au zaidi, usingizi na hamu ya kula vikabadilika, na hata uliyokuwa ukiyapenda yakakosa ladha, huenda ni sonona. Sonona ni ugonjwa na unatibika. Nenda kituo cha afya ueleze kama ambavyo ungeeleza homa. Na mtu akiwaza kujidhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Tuache pia utani wa "huyu apelekwe Mirembe". Hospitali ile ya Dodoma ni mahali pa tiba, na kila tunapoichekea, kuna mgonjwa anayesikia na kuamua kunyamaza.

Ukishamaliza, funga daftari, andika tarehe ya mwezi ujao, umalizie chai yako. Kesho asubuhi jirani atakusalimu, nawe utamuuliza habari za kuamka. Atasema nzuri. Usiondoke hapo hapo. Ngoja ile pumzi moja.