SOMO LA JUMA: SHAHIDI MWAMINIFU MAHALI PA KUHESABU KURA

Kusoma: 2 Wakorinto 8:16-21; Kutoka 20:16; Mezali 11:1



Mtume Paulo alipokusanya feza kwa ajili ya masikini wa Yerusalemu, hakukubali zibebwe na mtu mmoja. Aliwatuma Tito na ndugu wengine, na mmoja wao alichaguliwa na makanisa yenyewe. Paulo hakuwa mwizi. Lakini alijua kwamba Mungu kuona haitoshi, lazima watu nao waone. Sisi tunafahamu jambo hili vizuri: siku ya nsinsani feza zinahesabiwa mbele ya wote na hesabu inatangazwa, wala hakuna mhesabu anayekasirika akisema kwamba tunamzania vibaya. Basi, kwa nini tunalinda matoleo hivi, lakini kura yetu tunaiacha sandukuni na kurudi nyumbani kula?

Kwa maana kura haiibwi sana wakati wa kupiga. Inaibwa kisha jua kushuka. Katika uchaguzi wa tarehe 28 Novemba 2011, waangalizi wa Carter Center waliandika kwamba matokeo ya biro karibu 2,000 za Kinshasa yalipotea. Huku Katanga, upande wa Malemba-Nkulu, hesabu zilionyesha kwamba karibu watu wote walioandikwa walipiga kura, na kura zote zilikwenda kwa mtu mmoja. Mwenye akili na ajiulize: katika sehemu nzima hakukuwa hata mgonjwa mmoja, msafiri mmoja, mfu mmoja?

Sheria ya uchaguzi ya tarehe 9 Machi 2006 ilifungua mlango kwa raia. Kura zinahesabiwa wazi, wanaotumika katika biro wanaandika PV na kutia sahihi, mashahidi nao wanatia sahihi, kisha matokeo yanabandikwa nje ili kila mpita njia asome. Shahidi anatumwa na chama au mgombea. Mwangalizi hana upande. Anapewa kadi na Tume ya Uchaguzi, anaangalia na kuandika, lakini hagusi karatasi wala haamuru mtu. Muumini anayetaka kazi hii achague moja. Asivae triko la chama asubuhi na kadi ya mwangalizi mangaribi.

Jaribu kubwa linakuja usiku. Shahidi hakula tangu asubuhi, chama chake hakikumletea hata maji, na sasa mtu anamletea PV tupu pamoja na feza kidogo: “Tia sahihi, mama, uende kupumzika, sisi tutajaza.” Hapo ndipo amri ya Kutoka 20:16 inapovunjwa, hata kama mdomo haukusema neno. Kwa hiyo tusiwalaumu tu vijana wanaouza sahihi. Kanisa la mtaa likijua kwamba ndugu fulani anakesha kwenye biro, akina mama wampelekee chakula, na mwenye toshi amwazime. Ni jambo dogo, lakini mwenye njaa ananunuliwa kwa bei ndogo.

Mwaka 2018 Kanisa Katoliki lilituma waangalizi karibu 40,000. Matokeo yalipotangazwa Januari 2019, maaskofu wao walisema kwamba hayapatani na yale waangalizi waliyokusanya. Tume haikutoa hesabu za biro moja moja, na hivyo raia hakuweza kulinganisha karatasi aliyoisoma mlangoni na jumla iliyosomwa Kinshasa. Ndiyo sababu inafaa kuandika hesabu za biro yako usiku uleule, au kuipiga picha karatasi iliyobandikwa. Kisha uchaguzi wa Desemba 2023, picha za telefoni zilionyesha mashini za kura zikiwa mikononi mwa watu wasio na haki nazo. Tarehe 5 Januari 2024 Tume ikafuta kura za wagombea 82, na uchaguzi wa wabunge wa Masimanimba na Yakoma ukafutwa wote.

Sisi wa kanisa hili tunajua uchungu wa hukumu iliyofanyika gizani. Papa Simon Kimbangu alihukumiwa Thysville mwaka 1921 mbele ya baraza la askari, bila wakili wa kumtetea. Alikaa gerezani miaka 30, akafia Elisabethville mwaka 1951.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

Mgombea unayempenda akishindwa katika biro yako, na mashahidi wa chama chake wanaomba “kusahihisha” PV, utafanya nini?

Mgombea akileta sukari na vikwembe kanisani, mchungaji amjibu nini mbele ya waumini?

Ni nani kati yetu anayeweza kukesha kwenye biro, na ni nani atakayempelekea chakula?