Pika Jalebi, Lakini Hesabu Sukari

Jalebi ni kitamutamu cha Bara Hindi, na jina lake limetokana na neno la Kiarabu, zalabiya. Huko Gujarat huliwa pamoja na fafda siku ya Dussehra. Hapa Kenya utaiona katika maduka ya vyakula vya Kihindi, hasa wakati wa Diwali. Ukiipika mwenyewe utajua kilichomo.

MAHITAJI (jalebi ndogo 20 hivi)

Unga wa ngano kikombe 1
Unga wa dengu vijiko vikubwa 2
Mtindi nusu kikombe
Sukari kikombe 1
Maji ya shira nusu kikombe
Iliki 3 na zafarani kidogo
Maji ya ndimu kijiko 1 cha chai
Mafuta ya kukaangia

NAMNA YA KUTAYARISHA

1. Changanya unga wote na mtindi. Ongeza maji vuguvugu kidogo kidogo mpaka upate rojo zito lisilo na madonge. Funika, uliache mahali penye joto kwa muda wa saa 12. Likiumuka litatoa mapovu na harufu ya uchachu.

2. Chemsha sukari, maji, iliki na zafarani. Poza tone moja kwenye kijiko, ulibane kwa vidole viwili. Likivutika kama uzi, shira i tayari. Tia ndimu ili isigande, kisha iache ipungue moto.

3. Pasha mafuta kwa moto wa wastani. Tia rojo katika chupa safi ya kubinya, ulikamulie ndani ya karai ukizungusha duara mbili au tatu. Kaanga pande zote mbili hadi jalebi ziwe kavu na za rangi ya dhahabu.

4. Zitumbukize katika shira vuguvugu kwa nusu dakika, uzitoe na kuzichuja.

JIHADHARI

Shira ya moto hunata mwilini na kuunguza vibaya, kwa hivyo weka watoto mbali. Mtu akiungua, mwagia jeraha maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa usoni, nenda hospitali.

Sasa tufanye hesabu. Kikombe cha sukari kina gramu 200 hivi. Jalebi 20 zikinyonya nusu yake, kila moja itakuwa na gramu 5, sawa na kijiko cha chai na zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya gramu 25. Basi jalebi tano, kabla hujanywa chai wala soda, zimekwisha kukufikisha hapo.

Mwenye kisukari asijiongezee wala kujipunguzia dawa kwa sababu ya sherehe. Na amuulize daktari wake mapema kama anaweza kuonja. Nawe mwenyeji, akikataa usimlazimishe. Mwandalie chai isiyo na sukari au karanga.